Omosh, nitafutie kadi ya waifai

Butere, Jumapili usiku

Omosh ndugu yangu,

Salamu sana. Huku tu wazima, mahindi yamepaliliwa mara moja, na goti la Mama Achi limepona. Najua nimenyamaza tangu mazishi ya mzee, unisamehe. Leo ni ile laptopu ya binti yangu, nami sina mwingine wa kumwendea.

Linux Mint uliyotuwekea Desemba iliifufua kabisa, asante tena. Shida ni waifai. Alhamisi alikubali masasisho, keneli, ule moyo wa mfumo, ikabadilika, na alipowasha tena hakukuwa na mtandao hata mmoja. Nikaandika lspci -nn, ile amri ya kuorodhesha vifaa, kama ulivyonionyesha: kadi ya waifai ni Broadcom BCM43142, namba 14e4:4365. Ndiyo ile ambayo kiendeshi cha b43, yaani programu ya kuendesha kadi, hakiiwezi, inataka kiendeshi cha wl. Na wl haimo ndani ya keneli, hujengwa upya kila keneli mpya ikija. Safari hii ujenzi umekwama njiani. Keneli ya zamani nayo nilishaifuta nikitafuta nafasi kwenye diski.

Kwa sasa anatumia simu yangu kwa waya wa USB. Linux iliitambua papo hapo, sikusakinisha chochote. Lakini nikienda soko la Sabatia, simu naenda nayo, na masomo yake yanakatika. Jana nimerudi nimemkuta amekaa mbele ya skrini, daftari limefungwa. Iliniuma.

Nikafungua mgongo wa laptopu. Kadi yenyewe haizidi kidole gumba, skrubu mbili, na waya mmoja mweusi umebanwa juu yake kwa kifungo cha dhahabu kama kipini cha sikio. Nikakaa naitazama. Kitu kidogo hivyo!

Sasa ombi. Ukipita Oginga Odinga Street, kwa wale wanaouza vipuri vya laptopu kuukuu, niulizie kadi ya waifai ya Intel 3160. Kiendeshi chake, iwlwifi, kimo ndani ya keneli, hakuna kujenga kitu kila sasisho. Angalia herufi za mwisho: ziwe HMW. NGW ni ya tundu la aina ya M.2, na letu ni la mini PCIe fupi, haitaingia. Tafadhali soma kibandiko mwenyewe, usimwachie muuzaji.

Kinachoninyima usingizi ni BIOS, ile programu inayoamsha laptopu kabla ya Linux. Laptopu nyingine hukataa kadi isiyo kwenye orodha yao, na nikinunua bure, pesa ya...

Wewe ulipobadilisha kadi ya shemeji, ilikubali mara moja? Waya mmoja wa antena utatosha, maana 3160 nayo ni ya mkondo mmoja wa data? Au nianze na kile kidude cha waifai cha USB chenye chipu ya AR9271, tuepuke BIOS? Fundi wako bado yupo? Na bei, nikutumie ngapi? Unakuja Jumamosi, au nimpe kondakta wa matatu nauli ya kifurushi? Niambie kabla ya Jumatano, mtihani wake ni wiki ijayo.

Wako,
Baba Nafula