Setilaiti za GPS hazituoni jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linanikera muda sasa. Kila ikitajwa GPS, ule mfumo unaoiwezesha simu kujua uko wapi, utasikia setilaiti imekuona, setilaiti inakufuatilia, na hata kwenye kurasa zenu nimeshayasoma hayo. Setilaiti haijui kama upo! Iko juu huko kama kilomita 20,200, kazi yake kutangaza saa ni ngapi na yenyewe iko wapi, kama redio tu, simu yako ndo inasikiliza halafu inapiga hesabu, mawimbi yametumia muda gani kufika, zidisha kwa kasi ya mwanga, umbali huo hapo. Setilaiti 3 zingetosha kama simu ingekuwa na saa ya atomu, yaani saa sahihi mno, ila haina, kwahiyo inatafuta ya 4 ili isahihishe saa yake, maana ukikosea sekunde kwa sehemu moja tu ya milioni umekosea mita 300. Anayepeleka habari zako kwa watu ni programu zilizo ndani ya simu, kupitia intaneti. Hizo ndo za kuulizwa.

Na mtu asipoelewa hii habari ya saa anakosa utamu wote. Wanajiolojia wanafunga antena ya GPS kwenye mwamba wanaiacha isikilize miaka na miaka, wakipiga hesabu wanakuta mwamba wenyewe unatembea. Australia inasogea karibu sentimita 7 kwa mwaka, mpaka ikabidi wahamishe mfumo wa ramani zao kutoka ule wa 1994 (GDA94) kwenda wa 2020 (GDA2020), mahali palepale pakatofautiana kama mita 1.8. Japani nao, tetemeko la Machi 2011, antena za rasi ya Oshika zilionyesha ardhi imesogea mashariki zaidi ya mita 5, yaani nchi kavu, na nyumba zikiwa juu yake!

Ila mimi kinachonifurahisha kuliko vyote ni mvuke. Mvuke wa maji ulioko hewani unachelewesha mawimbi kidogo, kwa mpima ardhi hiyo ni kero anaitafutia dawa, lakini watu wa hali ya hewa wanakuja kuchukua hukohuko kuchelewa wanajua juu ya ile antena kuna mvuke kiasi gani, wanaingiza kwenye utabiri wa mvua. Kosa la huyu ndo kipimo cha yule. Hiyo nawaomba sana muiandikie ukurasa mzima, na mkiandika anzeni na saa.

Msomaji wenu