Kwa Nini Hatuanzi kwa Kukubinya kwa Nguvu

Mteja wa masaji akishalala kitandani, mara nyingi neno la kwanza ni hili: "Dada, nibinye kwa nguvu, mabega yamekuwa mawe." Tunamwelewa. Katoka kwenye foleni, hesabu za mwisho wa mwezi hazijafungwa, ada ya watoto inadaiwa. Lakini dakika za mwanzo hatumbinyi, na wapo wanaodhani tunawaibia muda.

Sababu iko kwenye mishipa ya fahamu. Ukiingiwa na hofu, mwili hujiandaa kupigana au kukimbia: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, misuli hukaza. Mbwa akikufukuza utatimua mbio na yataisha. Deni halikimbiwi, kwa hiyo mwili unashinda kwenye tahadhari na mabega yanapanda kuelekea masikioni bila mwenyewe kujua. Ukiubinya ghafla mwili wa namna hiyo, unajikaza zaidi kujilinda.

Ndiyo maana tunaanza na pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu hadi 4, toa taratibu ukihesabu hadi 6. Unapoitoa, neva ya vagasi, inayoshuka kutoka ubongoni hadi moyoni na tumboni, hupunguza mwendo wa moyo. Kisha tunakuambia upandishe mabega, uyakaze kwa sekunde chache, uyaachie yaanguke. Njia hii ya kukaza na kulegeza ilianzishwa na daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, karibu miaka 100 iliyopita, na haidai mafuta wala kitanda. Ifanye hata ndani ya daladala, ilimradi umepata siti. Taya likishaachia, wengine hupiga miayo, wengine hutokwa na machozi. Hakuna atakayekushangaa. Hapo sasa ndipo mikono inapoingia, polepole, na nguvu unayoitaka utaipata.

Masaji ya "kutoa sumu mwilini" hatuuzi. Kazi hiyo ni ya ini na figo.

Kifua kikibana na maumivu yakashuka mkononi, au mguu mmoja ukivimba, ukapata joto na kuuma, nenda hospitali, usije kwetu: kukanda mguu wenye damu iliyoganda ni hatari. Mjamzito na mwenye presha watuambie mapema.

Wanawake huhudumiwa na wanawake. Ukitaka kubaki na nguo, baki nazo. Usije umeshiba sana, na simu tunaomba izimwe kabisa. Hata ikiwa kimya, ikitetemeka tu mezani tunaona shingo inavyokaza upya.