Barua kwa Tatu: mama anataka kushuka Gulwe

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Shoga yangu Tatu,

Mbukwa! Hamjambo huko Kigoma? Watoto, shemeji, na yule bibi wa jirani mwenye kikohozi, wote wazima? Huku hatujambo, ni vumbi tu na upepo wa Dodoma unaoujua. Nimekupigia siku tatu hupatikani, na hili si la kuandika kwenye WhatsApp, kwa hiyo nampa barua mtoto wa Mama Chiku, anakuja huko keshokutwa.

Jambo lenyewe ni mama. Ule mtoto wa jicho umeondolewa, Alhamisi nilikwenda Dar kumchukua. Anaona, Tatu! Amenitazama usoni akaniambia nimezeeka, nikacheka mpaka machozi. Kurudi nikasema mama yangu hapandi basi akatikiswe kutwa nzima, nikakata tiketi za treni ya umeme, ile ya haraka isiyosimama vituo vidogo. Naishi hapa hapa Dodoma, na tangu ilipoanza kufika huku, Julai 2024, sikuwahi kuipanda. Nisikufiche, ni raha. Inakimbia kilomita 160 kwa saa, na maji kwenye chupa hayatikisiki. Saa tatu na nusu hivi Dar mpaka Dodoma! Sisi tulikuwa tunalala njiani na kuamka njiani.

Mama nikamkalisha dirishani. Tangu Morogoro hakusema neno, anatazama tu. Mahandaki ya Kilosa yalipokwisha akaanza kuuliza, "Gulwe bado?" Namwambia bado. Baada ya kitambo tena, "Gulwe bado?" Nikamwita mhudumu, binti mpole sana, akasema, "Gulwe tumeshaipita, mama, sasa hivi tunaitafuta Igandu."

Mama akageuka akaniangalia na lile jicho jipya. Akasema, "Tumempita baba yenu kwa mwendo huu, hata hodi hatukumpigia."

Tatu, nilikosa la kujibu. Tangu siku hiyo halali vizuri. Anataka kwenda kaburini, nami nilifikiri ni jambo dogo, mpwa wangu ana gari, tutapitia Mpwapwa tuteremke Gulwe, mchana tumerudi. Hataki. Anasema atashuka Gulwe kutoka kwenye treni ya reli ya zamani, pale pale aliposhushwa akiwa bibi harusi na sanduku lake la bati. Na mimi, kadiri ninavyolifikiria, naona ana haki.

Huyo mpwa wangu ndiye aliyeniudhi. Alisema reli ya zamani ni chuma chakavu, ing'olewe iuzwe. Nikamkalisha chini. Nikamwambia chuma hicho Wajerumani walianza kukitandika kutoka Dar mwaka 1905, kikafika Morogoro 1907, hapa Dodoma 1910, Tabora 1912, na huko kwenu ziwani 1914, vita ikiwa mlangoni. Kilomita zaidi ya 1,200, na mikono iliyolaza mataruma ilikuwa ya babu zetu. Waingereza wakaongeza tawi la Tabora kwenda Mwanza, likakamilika 1928. Dodoma yenyewe ingekuwaje mji bila stesheni? Soko, maghala, maduka ya Wahindi, vyote vilikuja kujipanga kando ya reli, na makao makuu yalipoamuliwa mwaka 1973 reli ilikuwa na miaka zaidi ya sitini hapa. Halafu nikamuuliza, reli ya umeme ikiishia Makutupora, huko Manyoni, mtu wa Tabora anaendeleaje? Wa Uvinza je? Huko mbele bado kunajengwa. Mzigo wa Burundi na Kongo unaokuja bandarini kwenu, unabebwa na nini? Akanyamaza. Simchukii, ni mtoto, hakukulia kwenye kota za reli kama sisi.

Maana sisi saa yetu ilikuwa treni, unakumbuka? Baba alitoka alfajiri na nyundo na spana begani, anapita njia kwa miguu akikaza skrubu moja moja, anarudi jua limechomoza miguu imekuwa myeupe kwa vumbi. Na stesheni masta, alivyokuwa hamwachii dereva aingie kipande cha mbele mpaka awasiliane na mwenzake na kuhakikisha njia ni tupu! Njia moja, treni mbili, mtu akikosea ni maafa. Baba alikuwa akituambia hivyo kila tulipochezea relini, nasi tukimwona mkali bure.

Nilikuja kumwelewa Juni 2002. Tulipopita Igandu Alhamisi nilimshika mama mkono bila kujijua. Watu 281 walikufa pale, Tatu. Ile treni ilivyorudi nyuma mlimani breki zikakataa mpaka ikaigonga ya mizigo. Baba hakula siku mbili, ingawa hakuwa kazini tena, alikuwa anakaa tu kibarazani anatazama upande wa njia. Mama Yohana hajawahi kupanda treni tangu hapo, na hakuna anayemlaumu.

Na mafuriko je? Mto ule wa kando ya reli ukiwa mkavu unautembelea kama barabara, mvua ikinyesha milimani unashuka na mchanga na magogo. Mwishoni mwa 2009 na Januari iliyofuata ulisomba tuta baina ya Kilosa na Gulwe, reli zikabaki zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Wewe ndiye uliyekwama Dodoma na yule mtoto mchanga, ukalala kwetu wiki nzima. Baba alikuwa anasema mto hauna kosa, reli ndiyo iliyojenga kitandani kwake. Wa sasa wameipandisha njia mpya juu ya madaraja marefu, nimeona kwa macho yangu, na nikamkumbuka.

Basi narudi kwenye la mama. Ninakuomba hivi: harusi ya Zuhura unakuja, najua ulishapanga basi. Usipande basi. Panda treni, hii ya kwetu, utulie na mizigo yako, ukifika hapa Dodoma mimi na mama tutakuwa tumesimama stesheni na tiketi zetu mkononi, tupande behewa lako twende pamoja mpaka Gulwe. Ninataka wewe uwe upande mmoja wa mama na mimi upande mwingine akishuka, ngazi zile ni ndefu na magoti yake si ya kuaminika. Wewe ni mtoto wake pia, alikunyonyesha wiki mama yako alipolazwa, na baba alikufundisha kuhesabu kwa mabehewa. Tukimaliza kaburini mpwa atatufuata na gari, atakurudisha mpaka kwenye harusi. Nauli yako ya treni nitalipa mimi, usibishane.

Yapo mengine, ya Chogo na kile kiwanja, lakini hayo yatasubiri tuonane, siyataki kwenye karatasi.

Sasa nijibu haya upesi. Treni ya kwenu inaondoka siku gani na siku gani? Nenda mwenyewe stesheni ukaulize, ratiba za kusikia kwa watu siziamini. Daraja la pili la kulala bado lipo? Gulwe inasimama kwa muda wa kutosha mtu mzima kushuka, au ni dakika moja tu? Unaweza kumuuliza konda, au yule binamu yako anayefanya kazi kule bado yupo? Ile picha ya baba amesimama na wenzake mbele ya kichwa cha treni, si ilibaki kwenye albamu ya mama yako? Ilete, mama ataiona vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Dagaa utaleta? Na ukipita Saranda, utaninunulia kuku mmoja, kama bado wanauza dirishani?

Mama yuko hapa kando, anasema nikuandikie kwamba mchicha wa Gulwe bado anaukumbuka ladha yake, na kwamba uje na kanga nzito, asubuhi kule kuna baridi.

Rafiki yako,
Mama Neema