Malalamiko kuhusu turbo mliyonifungia na namna mlivyonidhalilisha kaunta

Kwa Meneja Mkuu,

Yah: KAZI MBOVU YA TURBO NA LUGHA CHAFU KWA MTEJA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Masharti ya dhamana yenu mnayajua kuliko mimi, na karatasi ya makadirio mnayo kwenye faili, kwa hiyo siyarudii hapa. Turbo ni ile pampu inayozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi, nanyi ndio mlionifungia. Naanza na Jumamosi.

Jumamosi nilisimama kaunta kwenu, gari likiwa nje linatoa moshi wa bluu, wiki 3 tu tangu mnikabidhi. Nilimuuliza mkuu wa karakana swali moja, tena kwa adabu: turbo mpya inakulaje oili? Hakufungua hata boneti. Alichukua karatasi yangu ya makadirio, akaiinua juu, akasoma bajeti yangu kwa sauti mbele ya wateja waliokuwa wakisubiri, kisha akasema: "Turbo si kazi ya watu wa kuhesabu sarafu." Watu wakacheka.

Ndiyo, nahesabu. Nilihesabu kwa miezi 8 kabla ya kukanyaga kwenu. Nilijua turbo yenyewe ni sehemu tu ya gharama: kuna nozeli kubwa za kupulizia petroli, pampu ya petroli, intakula ya kupoza hewa na mabomba yake, kupanga upya kompyuta ya injini, na klachi, maana ya kiwandani huanza kuteleza nguvu zikizidi. Juu ya hayo niliweka akiba ya moja ya tano kwa yatakayojitokeza. Yote niliyaandika kwenye daftari nikamwonyesha ofisa mauzo wenu. Akaniambia nifunge daftari, kifurushi ni kamili. Neno hilo "kamili" limo kwenye risiti mliyonipa.

Na nilichoomba hakikuwa kikubwa. Hili ni gari la kwenda kazini na kurudi. Nilitaka turbo inayoamka, yaani inayoanza kusukuma hewa, injini ikifika mizunguko 2,500, ikizidi sana 3,000 kwa dakika, na tukakubaliana ni ipi. Mkanifungia kubwa kuliko hiyo kwa sababu ndiyo iliyokuwepo stoo. Fundi wenu mwenyewe alinieleza hivyo siku ya kuchukua gari, akaniambia nitazoea. Sijazoea. Haiamki kabla ya 4,500. Kwenye foleni ya magari nakanyaga na hakuna kitu, gari ni zito kuliko lilivyokuwa kabla sijalileta kwenu. Gurudumu kubwa la ndani ya turbo linataka moshi mwingi zaidi wa injini ndipo lizunguke. Hilo si la mteja kuwafundisha.

Nozeli hamkubadilisha. Hili nililijua Jumatatu, gari lilipopimwa kwa fundi mwingine kwa pesa yangu. Mguu ukiwa chini kabisa, uwiano wa hewa kwa petroli ulisoma 13.6, yaani sehemu 13.6 za hewa kwa moja ya petroli; petroli haitoshi. Injini ya petroli yenye turbo, ikikanyagwa hivyo, hupangwa karibu na 11.5 au 12, ili petroli ya ziada ipoze moto ndani ya silinda. Yangu ilikuwa inagonga, petroli ikilipuka vibaya ndani ya silinda. Mwezi mmoja zaidi wa hali ile ungeweza kunitoboa pistoni, nanyi mngesema nimeendesha vibaya.

Moshi nao ulikuwa na sababu ambayo ingeonekana kwa dakika 10 kama mtu angejali. Oili ikitoka kwenye turbo hurudi kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, kwa uzito wake tu, hakuna kinachoivuta, kwa hiyo bomba la kurudishia lazima literemke mwanzo hadi mwisho. Lenu lilipinda kama goti, likapanda kabla ya kushuka. Na kwenye mdomo wake fundi alitoa donge la silikoni ya gasketi, jekundu, la ukubwa wa punje ya hindi. Ninalo kwenye mfuko wa nailoni. Oili ilikosa njia, ikajaa kwenye beringi, ikapenya kwenye sili, ikaungua. Shafti inayoweza kupita mizunguko 100,000 kwa dakika mmeiachia njia ya oili iliyozibwa, halafu mimi ndiye naambiwa turbo si kazi yangu!

Narudi Jumamosi, kwa sababu haijanitoka. Karatasi aliyoiinua ni ile yenye hesabu zangu za mkono pembeni. Alama ya dole gumba lake lenye grisi imebaki juu ya jumla. Alizisoma namba moja baada ya nyingine, kama anayenadi. Binti yangu wa miaka 9 alikuwa amenishika mkono. Akaniuliza, "Baba, mbona wanacheka?" Nilikosa la kumjibu. Ndipo yule bwana akairudia kauli yake ya kuhesabu sarafu, safari hii akinitazama usoni, akanisukumia ufunguo juu ya kaunta hadi ukaanguka sakafuni. Niliinama nikauokota mwenyewe, mtoto akinitazama. Kijana wenu wa kaunta aliangalia chini. Yeye asiguswe kwa barua hii.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mfunge turbo tuliyokubaliana, nozeli na bomba jipya kwa gharama zenu. Nimebadili nia. Sitaki mkono wenu urudi chini ya boneti yangu. Nataka pesa zangu zote, gharama za vipimo vya Jumatatu, gharama za kurekebisha mlichoharibu, na barua ya kuomba radhi yenye saini ya mkuu wa karakana. Radhi hiyo ataisoma mbele ya binti yangu, kwa sauti ileile aliyosomea bajeti yangu.

Nilitaka kuwapa siku 14. Lakini tangu Jumatatu nimepiga simu mara 5 na hakuna aliyepokea, kwa hiyo nawapa 7. Siku ya 8 asubuhi, risiti, majibu ya vipimo, picha na lile donge vitakwenda kwa mamlaka ya kulinda walaji na kwa wakili wangu. Wala msinipigie kunipa punguzo la kazi ijayo.

Nimeambatisha nakala za karatasi zote. Donge nabaki nalo.

Mteja wenu wa zamani