Ndege tuliisikia, kuiona hatukuiona

Ndugu mhariri, naomba kanafasi kidogo. Mwezi wa kwanza nilienda uwanja wa ndege hapa Kigoma kumpokea shemeji yangu anatoka Dar. Mvua hakuna, upepo hakuna, ila vilima vilikuwa vimekatwa vichwa na mawingu, unaona migomba unaona mabati, kutoka hapo kwenda juu ni weupe mtupu. Mara tukaisikia ndege, tena karibu kabisa, mngurumo unapita juu yetu kila mtu kanyanyua shingo, kuiona hatuioni, ikazunguka tena halafu ikaondoka zake. Baadaye tunaambiwa imetua Mwanza.

Watu wakawaka! Mzee mmoja wa kanzu akauliza, kwani uwanja umehama? Na mimi nilibwata sikatai, nyumbani samaki wetu migebuka imeshaiva. Tangazo tulilopewa ni "hali ya hewa mbaya", basi, sasa mtu hajaona hata tone la mvua si lazima aone anazugwa?

Ikabidi nikamuulize mjomba, aliwahi kufanya kazi ya kupima hali ya hewa. Akanambia we acha mvua, angalia kimo cha wingu. Kumbe anga wanaligawa mafungu 8, mawingu yakifunika 5 au zaidi basi tumbo la lile wingu la chini kabisa ndiyo dari ya rubani, inapimwa kwa futi toka ardhini. Rubani humo ndani anashuka kwa vyombo tu, na kila uwanja una kimo chake kilichopangwa kufuatana na vilima na mitambo iliyopo, akifika hapo hajaona taa wala barabara ya kutulia haruhusiwi kushuka zaidi, anapandisha. Hata penye ule mtambo wa ILS wa daraja la kwanza, unaomwongoza rubani kwa redio mpaka uwanjani, mwisho ni futi 200, kama mita 60 hivi. Na hapa kwetu vilima vinaanzia ziwani palepale, ukiwa ndani ya wingu utajuaje kipi wingu kipi mlima?

Bukoba 6 Novemba 2022 hatujasahau, ndege ilianguka ziwani wakafa watu 19 jamani. Sisemi yalikuwa mawingu, nasema hali ya hewa haikuwa nzuri na ndege ilikuwa inakuja kutua, kwahiyo rubani akigeuza mi sasa hivi sinuni tena.

Ombi langu kwa wanaotangaza, semeni tu "wingu liko chini mno, rubani haoni uwanja". Hata yule mzee angeelewa.

Shemeji alifika kesho yake jua linawaka. Migebuka tulishaimaliza.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma