Nijaze ukweli kwenye fomu ya bima, au nimsikilize wakala?

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na mama wa watoto watatu, ambao wa kati, mwenye umri wa miaka tisa, ana selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Ugonjwa huu si mgeni huku Kanda ya Ziwa, hivyo itoshe kusema kwamba dawa zake za kila siku, foliki asidi na haidroksiyurea, tunaweza kuzipangia bajeti, lakini maumivu yanayomshika ghafla na kumlaza wodini, pengine hadi kuongezewa damu, hayapangiki.

Tumekuwa tukitumia CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, kwa mchango wa Sh30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita. Siibezi kadi hiyo, maana imetufaa sana kwa maradhi ya kawaida. Ila huduma zake huanzia zahanati na kupanda kwa rufaa hadi hospitali ya mkoa, ilhali kliniki ya mwanangu iko Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda, ambako ninalipa taslimu.

Ndipo nikamwendea wakala wa kampuni moja binafsi ambayo kadi yake inapokelewa huko. Masharti yake ni kwamba maradhi yaliyokuwapo kabla ya kujiunga hulipiwa baada ya mwaka mmoja, na mchango hutolewa wote kwa mkupuo. Sisi watu wa dagaa kipato chetu hufuata giza, kwa kuwa wavuvi huvua kwa taa, na mbalamwezi ikishamiri mitumbwi hukaa ufukoni. Kulipa kwa mkupuo ni kugusa mtaji.

Wakala alinishauri kwamba panapoulizwa kuhusu maradhi ya kudumu niandike "hapana", kwa madai kuwa wengi hufanya hivyo. Mume wangu anaona kwamba huyo ndiye anayeijua kazi yake. Mimi nina wasiwasi, kwani kampuni ikigundua kwamba mteja alificha ugonjwa inaweza kukataa kulipa, na faili la mtoto liko Bugando tangu akiwa mchanga. Siku hiyo wakala atakuwa ameshakula kamisheni yake.

Naomba unishauri: nikiandika ukweli, je, kuna faida kulipia mwaka mzima wa kusubiri huku nikiendelea kutoa taslimu, au fedha hizo niziweke kwenye kikoba na kubaki na CHF? Je, ninaweza kuidai kampuni ieleze kwa maandishi mipaka ya maradhi hayo, ili kila homa ya malaria isije ikahesabiwa kuwa ni selimundu? Tena, kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inataka kila mkazi awe na bima, ni busara kujifunga na kampuni binafsi sasa?

Ningeshukuru kupata jibu kabla giza lijalo halijaisha, maana hapo ndipo nitakapokuwa na fedha mkononi.

Mama wa watoto watatu,
Kirumba, Mwanza