Anayekuja na masundosundo apimwe pia mlango wa kizazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee wagonjwa wanaoona haya kujisemea. Ni watu wenye masundosundo, yaani vinyama kama chunjua vinavyoota sehemu za siri. Saratani ya mlango wa kizazi tunaihubiri redioni na kliniki, na tunafanya vyema. Masundosundo, yanayoletwa na virusi vya HPV, jamii ile ile ya virusi inayoleta saratani hiyo, hatuyataji. Basi watu wanajitibia chooni: huyu kapaka maji ya betri, yule kakata kwa wembe. Wakija kwetu wauguzi, tunauguza kidonda cha tindikali kabla ya kuugusa ugonjwa wenyewe.

Dawa zipo. Podofilini hupakwa na mhudumu aliyefundishwa, ila mjamzito hapakwi kabisa, ndiyo maana ni hatari kuinunua kienyeji. Palipo na vifaa, masundosundo hugandishwa kwa naitrojeni au huchomwa kwa umeme. Yakiota tena baada ya miezi michache, mgonjwa asidhani kapewa dawa feki. Tiba huondoa kinachoonekana, na virusi vinaweza kubaki kwenye ngozi.

Virusi hivyo hukaa kimya miezi, hata miaka, kabla ya kuotesha chochote. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutazama masundosundo akajua nani kamletea mwenzake, wala lini. Nasisitiza hili kwa sababu nimeona wake wakirudishwa kwao kwa tuhuma hiyo tu.

Virusi vya HPV vina aina nyingi, zinazotajwa kwa namba. Aina ya 6 na ya 11 ndizo huleta takriban asilimia 90 ya masundosundo, na hizo si za saratani. Aina ya 16 na ya 18 ndizo husababisha takriban asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi. Lakini mtu mmoja anaweza kubeba aina zote hizo kwa pamoja. Hapo ndipo panaponiuma: mama anakuja, anapakwa dawa, anaambiwa arudi wiki ijayo, na hakuna aliyemkumbusha kipimo cha siki, yaani kupakwa siki kwenye mlango wa kizazi ili kuona dalili za mwanzo za saratani, ambacho huchukua dakika chache. Akiwa anaishi na VVU, hatari yake ya saratani hiyo ni kama mara sita ya mwenzake asiye na VVU.

Tangu 2024 mabinti wa miaka 9 hadi 14 nchini wanapata chanjo ya HPV kwa dozi moja. Nawasihi wazazi wasiwafiche. Chanjo hiyo, hata hivyo, haiwaponyi mama zao walioambukizwa tayari.

Nawaomba waganga wafawidhi wa vituo vya afya waweke utaratibu: mwanamke mwenye masundosundo, kama umri wake ni wa uchunguzi, afanyiwe kipimo cha siki na cha VVU siku hiyo hiyo, na mwenzi wake aitwe atazamwe bila kuhojiwa kama mshitakiwa.

Muuguzi,
Morogoro